Mzee Mwenye Mfupa wa Upepo

Sheria ya Pumzi, kifungu cha kwanza kabisa, ilisema hivi: mashine isivute ndevu. Iangalie, inuse, ipime, izunguke mti mpaka ichoke, lakini isiguse. Kuvuta ndevu za mti ni kazi ya mtu. Na katika kijiji cha Vuamba, juu kabisa kwenye milima ya Upare, mtu huyo alikuwa Bibi Naetwe: miaka sitini na tisa, darasa la saba, na magoti mawili yasiyoelewana.

"Hili la kulia linasema tupumzike," alisema siku ile, walipofika nusu ya kupanda Ukingo wa Ngoto. "La kushoto linasema twende. Mimi hapa ni abiria tu."

"Basi tulisikilize la kulia, Bibi," alisema Mbazi huku akihema. "Hata mimi niko upande wake."

Mbazi alikuwa mkaguzi kutoka Nyikani, ule mji wa tambarare unaoonekana kutoka ukingoni kama unga uliomwagika. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, shati limechomekwa vizuri, na viatu vya lami ambavyo vilikuwa vimekwisha kuungama dhambi zao kwenye tope. Nyuma yake alipanda Amini.

Amini alikuwa mashine ya chuma yenye umbo la kuku wa mayai, miguu sita ya mpira, na jicho moja kubwa lililofutwa kila mara na kitambaa kidogo kilichotoka kichwani. Mwalimu wa Kiswahili angesema ni kitu, aitwe "hiki". Watu wa Vuamba walimwita "yeye", maana kitu hakiamkii, na Amini kila akifika mlangoni alisema shikamoo.

Alikuwa na uzito mwingine kuliko huo wa chuma. Baada ya Ukame Mrefu, watu walipochoka na hati zilizobadilika kila zilipobadili mikono, walikubaliana kwamba neno la Amini likitoka limetoka. Akisema shamba ni la fulani, ni la fulani. Akisema kisima kifungwe, kinafungwa. Kwa hiyo hakufundishwa uongo, wala "labda", wala utani. Lakini ili asidanganywe na wajanja, alifundishwa lugha yote ya watu na desturi zake zote: methali, mafumbo, matusi ya harusini, na vitendawili.

Walifika juu saa tatu. Ukungu ulikuwa ukipita juu ya vichwa vyao, hauteremki, kama mgeni anayesalimia kwa mkono bila kusimamisha gari. Kwenye matawi ya mikulo, ile miti mikubwa yenye harufu kama ya dawa ya kifua, ndevu zilining'inia, za rangi ya kijani iliyochanganyika na majivu, nyingine ndefu kuliko mkono wa mtu.

Amini akauzunguka mti mara tatu. Akakinga jicho, akanusa.

"Kwa nje, ni ndevu," alisema. "Urefu unalingana. Rangi inalingana. Vinyweleo vya pembeni vinalingana. Mama Mtambuzi, naomba uvute, uniambie. Hizi ni ndevu za aina gani?"

Swali hilo huulizwa mara moja kila miaka sita. Kama ni ndevu kweli, zile zisizoishi ila penye hewa safi na ukungu unaolala, basi ukingo unafungwa, na hakuna anayegusa hata tawi. Kama si ndevu kweli, Nyikani ina ruhusa ya kusimamisha nyavu za ukungu ukingoni pale, nyavu nyembamba kama chandarua, zinazokamata mvuke na kuuteremsha kwa bomba mpaka kwa watu elfu kumi na mbili wanaongoja na ndoo.

Mara tano Bibi Naetwe alikuwa amejibu, "Ni zenyewe." Mara tano ukingo ulifungwa, na Vuamba wakachinja mbuzi.

Sasa alisimama na uzi mmoja wa ndevu mkononi, na jibu halikutoka. Alikuwa nalo tangu siku kumi na moja zilizopita.

Siku hiyo alipanda peke yake, polepole, kujiandaa. Akachuma uzi mmoja mnene kama tambi, akaulowanisha kwa umande, maana ukivutwa mkavu unakatika bure. Akashika ncha mbili, akavuta kama alivyofundishwa na mama yake kwa kitendawili kabla hajajua kusoma: ngozi yavunjika, mfupa wavutika. Ndivyo inavyojulikana ndevu kweli. Ngozi ya nje hukatika vipande vipande kama shanga, na katikati hubaki uzi mweupe unaonyumbuka kama mpira wa soksi. Yako majani na kuvu na makorokoro mengi yanayoning'inia mitini, yote yakijifanya wazee, lakini hayana mfupa huo.

Siku ile ngozi ilivunjika, lakini mfupa haukuvutika. Ulikatika *tap*. Akaukata kwa wembe, akaweka lenzi ya shingoni mwake. Katikati ya mfupa mlikuwa na tundu, kama la mrija wa soda, na kuta zake zilikuwa na wekundu wa mbali. Akadondosha tone la maji ya majivu ya maganda ya ndizi. Ndevu kweli haishtuki kwa tone hilo, hubaki nyeupe. Hii iligeuka manjano, kisha ikawa nyekundu kama damu ya jogoo.

Ndevu tupu. Binamu wa ndevu kweli, mvumilivu wa jua na wa ukungu haba, anayehamia nyumba mwenyewe akiisha kuondoka.

"Mama Mtambuzi?" Amini aliuliza tena.

Bibi Naetwe akatazama bondeni, kule moshi wa majiko ya Vuamba ulikopanda. Hakutaka kusema uongo. Hakutaka kusema kweli pia. Na mtu akibanwa hivyo, mdomo hukimbilia njia uliyoizoea.

"Kitendawili," alisema.

Mbazi akageuka kumtazama. Amini hakushangaa. Alikuwa amefundishwa.

"Tega."

"Mzee wangu ana ndevu hadi magotini, ukimvunja mfupa, ndani mna upepo."

"Mwanzi," alisema Amini.

"Mwanzi una ndevu wapi?"

"Muhindi."

"Muhindi una gunzi. Gunzi ni upepo?"

Jicho likafutwa mara mbili. "Beberu aliyekonda."

Bibi Naetwe akacheka mpaka akashika mti. Na katika kicheko hicho, kwa mazoea ya miaka sitini ya kutegeana vitendawili na dada zake, watoto wake na wajukuu zake, akasema kinachosemwa kila siku mtu anaposhindwa:

"Basi nipe mji."

Watoto wa Vuamba hutoa Tanga. Hutoa Dodoma, hutoa Makka, na kuna mmoja aliyewahi kutoa mwezi. Lakini Amini hawezi kusema uongo, na asiye na uongo hawezi kutoa kisicho chake. Alikuwa na mji mmoja tu. Miaka minne iliyopita baraza la Nyikani lilivunjika kwa ugomvi, na watu wakamkabidhi Amini mji wao mpaka watakapopatana. Walikuwa bado hawajapatana.

"Nakupa Nyikani," alisema Amini.

Kisha ndani ya tumbo lake kikalia kile kikengele kidogo kinacholia kauli inapoingia kitabuni.

"Mungu wangu," alisema Mbazi, akakaa kwenye tope na suruali yake safi.

*

Kufika saa nane mchana, Bibi Naetwe alikuwa na mji.

Alikuwa pia na mboga ya kuchambua. Alikaa kwenye kigoda jikoni, ungo mapajani, na Amini alikuwa amekunja miguu karibu na mafiga, akileta maneno ya watu wa tambarare.

"Mama Mji, mwalimu mkuu wa Nyikani anauliza kama shule zifungwe kesho kwa heshima yako."

"Kwa heshima yangu wafundishe hesabu."

"Zitafundishwa. Watu wa soko wanauliza kama soko la Alhamisi lifunguliwe."

"Kwani huwa linafunguliwa na nani?"

"Na wao wenyewe."

"Basi."

"Bwana mmoja anauliza kama anaruhusiwa kufuga nguruwe pembeni mwa dirisha la jirani."

"Akamuulize jirani. Wewe Amini, siku zote hizi unaulizwa mambo kama haya?"

"Siku zote, Mama Mji."

"Pole, baba."

Amini akatoa kitambaa kichwani. Akafuta jicho.

Mlangoni akaingia Senkondo, mdogo wake Bibi Naetwe na mwenyekiti wa kijiji, tumbo mbele, tabasamu mbele zaidi. Alikuwa amepanda kilima kwa haraka na bado hakuonekana kuchoka.

"Dada. Nasikia umekula mji."

"Nimepewa. Sijaula."

"Ndiyo nakuja kukuambia usiule." Akavuta kigoda. "Wewe, Amini, toka kidogo nje, tunazungumza mambo ya ukoo."

"Mwenye mji ananiambia nitoke?" Amini aliuliza.

"Toka, baba," alisema Bibi Naetwe. "Kuna jua zuri."

Alipotoka, Senkondo akainamia ungo, akasaidia kuchambua mboga asizojua kuchambua. "Nimeuliza watu wa sheria. Ndivyo desturi ilivyoandikwa: mji unakaa kwa aliyepewa mpaka atoe jibu. Usipotoa jibu, mji ni wako. Na mwenye mji akisema hakuna nyavu, hakuna nyavu. Si kwa miaka sita, dada. Kwa maisha yako yote, na wewe ni mtu wa kufika mia."

"Unatupa mboga nzuri, unaweka mabua."

"Nisikilize."

"Nakusikiliza. Nawe unisikilize mimi." Akashusha sauti. "Zile si ndevu kweli, Senkondo. Nimevuta. Ni tupu."

Tabasamu la Senkondo likapungua kidogo, halikuondoka. Alifikiri. "Nani mwingine amevuta?"

"Mimi tu."

"Basi hakuna aliyevuta."

Bibi Naetwe hakumkasirikia. Alimjua tangu analia akiwa mgongoni mwake. Aliijua pia hofu yake, nayo ilikuwa hofu ya haki: nyavu zikianza ukingoni, nani atazizuia zisivuke Jiwe la Nundu, pale ukingo unapoishia, na kuingia Bonde la Ndani? Huko ndiko ukungu bado unalala. Huko ndiko chemchemi ya Vuamba inakozaliwa. Na huko, yeye Naetwe alijua kwa kuvuta kwa mkono wake, ndevu kweli bado zilikuwapo, nyeupe mfupani, zinanyumbuka kama mpira mpya.

"Watoto wetu huimbaje," alisema, "mtu akipewa mji akakataa kujibu?"

Senkondo akaangalia pembeni. "Dada, ule ni mchezo."

"Huimbaje?"

"Mla mji asiyejibu," alisema Senkondo kwa shingo upande, "tumbo lake na limjibu."

"Ehe."

"Tumbo lako lina nguvu. Litavumilia."

Alipokwenda, Bibi Naetwe akatoa chini ya kitanda mkebe wa biskuti. Ndani mlikuwa na viberiti vitano, kila kimoja na mwaka wake juu kwa kalamu ya risasi. Kila alipotoa jibu, alihifadhi uzi mmoja, kama mama yake alivyomfundisha: shahidi asikae shingoni mwa mtu peke yake. Sheria haikumtaka afanye hivyo. Alifanya tu.

Akafungua cha kwanza, cha miaka thelathini nyuma. Akaulowanisha uzi, akavuta. Mweupe, ulinyumbuka. Akatabasamu kama aliyekutana na shoga yake. Cha pili, mweupe. Cha tatu, cha nne, nyuzi nyeupe.

Akafungua cha tano, cha miaka sita nyuma. Akavuta.

*Tap.*

Akaikumbuka vizuri siku ile ya ukaguzi wa tano. Mvua ilinyesha. Magoti yalikuwa yakipiga kelele yote mawili, kwa mara ya kwanza yamekubaliana. Alifika chini ya mti, akainua macho, akaona kijivu, akaona vinyweleo, akaona urefu. Akasema, "Ni zenyewe," akachuma uzi mmoja akautia kwenye kiberiti, akateremka kunywa chai. Hakuvuta. Aliangalia tu, kama mashine.

*

Mbazi alilala kwenye nyumba ya wageni ya shule. Asubuhi alikuja kuaga, ndivyo alivyosema, ingawa hakuwa na pa kwenda: mkaguzi ambaye mji wake umetolewa hajui anamkagulia nani.

"Nawa mikono, chai iko tayari," alisema Bibi Naetwe.

Akaenda kwenye bomba la uani. Bibi Naetwe, akiwa na birika mkononi, akamwona kupitia mlango. Alifungua bomba nusu. Chini yake alikuwa amesogeza beseni kwa mguu, bila kufikiri, kama mtu anavyofunga kishikizo. Alinawa juu ya beseni. Alipomaliza akasimama na beseni lake la maji machafu, akitafuta pa kuliweka.

"Mwaga tu kwenye mgomba, mwanangu."

Akamwaga, lakini taratibu, kwenye shina, asipoteze tone. Akarudi akicheka aibu yake.

"Nisamehe, Bibi. Kwetu maji ya kunawa hayamwagwi. Bomba linatoka Jumatatu na Ijumaa. Mama yangu anaosha mchele, maji ya mchele anaoshea vyombo, ya vyombo anampa mbuzi." Akapuliza chai. "Mbuzi wetu amekunywa sabuni miaka sita. Akibeua tunaona povu."

Bibi Naetwe akacheka, kwa kuwa alisimuliwa ili acheke. Kisha akarudisha birika mekoni.

"Kwa nini sita?"

"Mto wetu ulikauka mwaka ule wa ukaguzi uliopita. Tulikuwa tunaungojea ukingo. Ukafungwa." Alisema bila lawama, kama anayesema mvua ilinyesha. "Si kosa la mtu. Ndevu ni ndevu."

Amini alikuwa mlangoni, amekaa juani. Bibi Naetwe akaweka kikombe chini.

"Kaa vizuri, mwanangu. Nina neno, na nataka nilianzie kwako kabla sijalipeleka kwa wengine." Akamwekea Mbazi kiberiti cha tano mbele yake. "Hiyo miaka sita si ndevu. Ni magoti yangu."

Akamweleza yote. Hakupamba, hakujitetea zaidi ya mvua. Mbazi alisikiliza akiwa ameshika ule uzi uliokatika, akichungulia tundu lake dogo kupitia lenzi. Chai yake ikapoa.

"Bibi," alisema mwishowe. "Mbuzi hataelewa."

"Najua."

"Mama yangu atasema maneno."

"Ana haki, ayaseme yote."

"Mimi…" Akarudisha kiberiti polepole. "Mimi nimekaa huku siku mbili. Nimepanda kilima kile mara moja, na magoti yangu ni ya miaka thelathini na mbili. Nilipofika juu ningekubali hata kuambiwa ile ni mikia ya farasi." Akavuta kikombe chake. "Sijasema si neno. Nasema najaribu kusamehe."

"Inatosha."

Akanywa ile chai ya baridi yote, kwa kuwa hakujua kumwaga.

Bibi Naetwe akageukia mlangoni. "Amini, nikuulize. Yale niliyokujibu jana, ya soko na nguruwe, uliyafanya nini?"

"Niliyaandika, Mama Mji. Kauli ya mwenye mji kuhusu mji wake ni kauli."

"Zote? Hata nikisema nimekula nini huko?"

"Zote."

"Hata kabla sijatoa jibu?"

"Kabla ya jibu ndipo mji ni wako. Baada ya jibu si wako tena."

Bibi Naetwe akafunga kanga yake vizuri kiunoni. Mbazi aliona uso wake ukifunguka kidogo kidogo, kama wa mtu aliyetegewa kitendawili kigumu na sasa anaanza kulinusa jibu.

"Mwambie mwenyekiti apige kengele ya shule," alisema.

*

Vuamba nzima walikuja uwanja wa shule, wengine na majembe yao. Walikuwa wamesikia bibi yao ana mji, na walitaka kuona mtu mwenye mji anafananaje. Alifanana na jana. Alikaa kwenye kiti cha mwalimu, Amini mezani pembeni yake, Mbazi nyuma, na Senkondo mbele kabisa, akitikisa kichwa kwa macho tu: usiseme, dada, usiseme.

"Jana nilitega kitendawili," alianza Bibi Naetwe. "Mzee wangu ana ndevu hadi magotini, ukimvunja mfupa, ndani mna upepo. Huyu bwana akashindwa, akanipa mji. Sasa nimekuja kujibu."

Watu wakasogea.

"Lakini mnajua desturi. Mtu hakurupuki na jibu. Kwanza anasema alikwenda mjini akaona nini." Akakohoa kidogo. "Basi. Nilikwenda Nyikani."

"Ukaona nini?" wakaitikia, hata wazee.

"Nikaona nyavu za ukungu zimesimama kwenye Ukingo wa Ngoto, kuanzia ule mkulo uliopigwa radi, mpaka Jiwe la Nundu. Hazikuvuka jiwe hata kidole, na hazitavuka, wakati wangu na wakati wa wajukuu zangu."

Kwenye tumbo la Amini, kikengele kikalia.

Minong'ono ikaanza. Senkondo alikuwa amesimama. Bibi Naetwe akaendelea, sauti ile ile ya kusimulia.

"Nikaona bomba la Nyikani linatoka maji siku zote saba." Kikengele. "Nikaona watu wa Nyikani wanapanda huku kila masika, kila nyumba mtu mmoja, wanaotesha miche ya mkulo ukingoni, mpaka ukungu ukumbuke njia ya kuteremka." Kikengele. "Nikaona kila anayepanda anafundishwa kuvuta ndevu, ili siku nyingine mji mzima usikae na kiu kwa sababu ya magoti ya mtu mmoja." Kikengele. "Kisha nikala wali kwa maharage kwa mama yake Mbazi, na mbuzi wao alikuwa anakunywa maji safi. Nikashiba, nikarudi."

Hapo Amini alisita, akafuta jicho. Kikengele kikalia hata kwa mbuzi.

"Jibu," alisema Bibi Naetwe, "ni ndevu tupu. Ndizo zilizoko ukingoni. Ndevu kweli zimehamia Bonde la Ndani. Nami nilipaswa kuwaambia miaka sita iliyopita, maana hata wakati ule zilikuwa tupu. Sikuvuta. Niliangalia, nikasema. Kiberiti hiki hapa, atakaye na avute aone."

Kisha mama mmoja mwenye jembe akaja, akaulowanisha uzi kwa mate, akavuta, ukakatika. Akampa wa nyuma yake kipande kilichobaki. Kikapita mkono kwa mkono, *tap*, *tap*, mpaka kikaisha.

"Kauli imeingia," alisema Amini. "Jibu limepokelewa. Mji umerudi."

Bibi Naetwe akavua lenzi shingoni, ile iliyokuwa ya mama yake, kamba yake imebadilishwa mara nane. Sheria ilikuwa wazi kwa hilo pia: mtambuzi aliyekosea anaweka lenzi mezani. Akaiweka. Shingo yake ilionekana nyembamba bila kamba ile.

Mbazi ndiye aliyepaswa kuichukua. Aliichukua, akaishika kama mtu aliyepewa kifaranga.

"Kijiji kitachagua mtambuzi mwingine," alisema. "Mpaka hapo inakaa kwa mkaguzi. Lakini mkaguzi hajui kuvuta, Bibi. Atakuja Jumatano umfundishe. Tutakwenda mpaka lile goti la kulia litakaposema basi."

"Njoo na viatu," alisema Bibi Naetwe. "Hivyo ulivyovaa ni vya kuposea."

Senkondo alikuwa bado amesimama, mikono nyuma. Alikuwa amepoteza mji na ukingo katika asubuhi moja, na uso wake ulikuwa ukitafuta pa kukasirikia.

"Hata kidole, umesema?" aliuliza.

"Hata kidole."

"Imeandikwa, Amini?"

"Imeandikwa. Haifutiki."

Senkondo akavuta pumzi. Aliangalia upande wa Bonde la Ndani, ambalo kwa mara ya kwanza halikuhitaji kusubiri ukaguzi wa miaka sita. "Basi nitatuma mtu akalipake jiwe chokaa," alisema. "Wasije wakasema hawakuliona." Akaketi. Baada ya muda akaongeza, kwa sauti ya chini, "Na jikoni kwako bado kuna zile mboga?"

Watu walikuwa wanaanza kutawanyika Amini aliponyanyuka mezani kwa miguu yake sita.

"Kitendawili," alisema.

Uwanja mzima ukageuka. Hakuna aliyewahi kumsikia akitega. Watoto ndio waliowahi kuitika.

"Tega!"

"Sina kidevu, lakini nimevutwa ndevu."

Kicheko kilianzia kwa wenye majembe, kikafika mpaka nyuma kwenye choo cha shule. Bibi Naetwe alicheka kuliko wote. Alijifuta machozi kwa kanga, akajaribu kusema, akacheka tena, akashika meza.

Amini alingoja. Kisha akasema, kwa sauti ile ile isiyojua utani, "Kama umeshindwa, nipe mji."

Kicheko kikakatika *tap*. Watu wakatazamana, wakatazama nyumba zao, mashamba yao, chemchemi yao. Senkondo akaruka kutoka kitini, akamshika dada yake mkono wa gauni.

"Dada. Jibu. Nakuomba, jibu upesi."

"Ni wewe," alisema Bibi Naetwe, akihema. "Ni wewe, Amini. Aliyevutwa ndevu ni wewe, niliyekuchezea mpaka ukatoa mji."

Jicho likafutwa mara moja, polepole.

"Umepata," alisema Amini.

Kikengele kikalia. Na kauli hiyo nayo, kama zile nyingine zote, haikufutika.